Derek Bryceson na Amana ya Gombe

Si kila mjenzi wa Taifa letu alizaliwa katika nchi hii. Marehemu Derek Bryceson alizaliwa China mwaka 1922 kwa wazazi Waingereza, akafa mwaka 1980 akiwa raia wa Tanzania na mtumishi wa wananchi. Wakazi wa Mwanga, Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika wanayo sababu ya pekee ya kumkumbuka, kwa kuwa Hifadhi ya Gombe, iliyo jirani yao kuliko nyingine yo yote, ilikuwa chini ya uangalizi wake katika miaka iliyokuwa migumu kupita yote.

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa rubani wa jeshi la anga la Uingereza. Ndege yake ilianguka, akaumia vibaya, na waganga wakakata tamaa kwamba atatembea tena. Alijilazimisha kusimama, akatembea kwa fimbo maisha yake yote. Baada ya vita alisoma Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akaja Afrika ya Mashariki kulima, kwanza Kenya, halafu Tanganyika, alikopanda ngano karibu na Kilimanjaro.

Wazungu wengi wa siku zile waliuogopa Uhuru kama mtu aogopavyo moto. Bryceson hakuwa mmoja wao. Serikali ya kikoloni ilipoleta uchaguzi wa kura tatu mwaka 1958 na 1959, ambapo kila mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, TANU ilimwunga mkono yeye, akashinda. Julai 1959 aliingia katika Baraza la Mawaziri pamoja na Chifu Abdallah Fundikira, Solomon Eliufoo, George Kahama na Amir Jamal. Baadaye aliongoza Wizara ya Afya na Wizara ya Kilimo. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, alisimama Dar es Salaam mbele ya wapiga kura ambao karibu wote walikuwa Waafrika, nao wakampa ushindi mkubwa. Wananchi walipima kazi, hawakupima rangi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikabidhiwa uongozi wa Hifadhi za Taifa. Haikuwa kazi nyepesi. Miezi michache kabla ya Uhuru, Septemba 1961, Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza mjini Arusha kwamba wanyama wa porini ni amana ya Taifa, na kwamba kuwalinda kunahitaji maarifa, watu waliofunzwa na fedha. Chuo cha Mweka kilifunguliwa mwaka 1963 ili Waafrika wafundishwe kazi hiyo. Mwaka 1951 nchi ilikuwa na hifadhi moja tu, Serengeti. Katika uongozi wa Bryceson ziliongezeka Kilimanjaro mwaka 1973 na Katavi mwaka 1974. Lakini kuchora mpaka katika ramani ni jambo moja, na kuulinda ni jambo jingine.

Gombe ndiyo iliyompa mtihani. Ni hifadhi ndogo, kama kilometa za mraba 52 za mabonde na vilima vinavyoteremka hadi ziwani. Ilitengwa mwaka 1943 kuwa pori la akiba, ikafanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968. Tangu Julai 1960 Jane Goodall alikuwa akichunguza maisha ya sokwe hapo, na wanafunzi wa nchi za nje walikuja kwa wingi. Bryceson alimwoa Jane mwaka 1975. Mwezi Mei mwaka huo huo, watu wenye silaha kutoka Zaire, waliomfuata Laurent Kabila, walivuka ziwa usiku wakawateka vijana wanne: Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja. Wote waliachiliwa katika muda wa miezi michache. Baada ya hapo wanafunzi wa kigeni waliondolewa, na wengi walidhani kazi ya Gombe imekwisha.

Haikwisha. Walikuwapo vijana wa vijiji vya jirani, walioajiriwa kuwa wasaidizi tu. Bryceson, aliyekisema Kiswahili barabara, aliketi nao, akasaidia kuipanga upya kazi yote mikononi mwao. Mguu wake haukumruhusu kupanda milima ile mirefu, lakini wao waliipanda kila siku, wakawafuata sokwe tangu alfajiri hadi jioni, wakaandika taarifa zao kwa Kiswahili. Kazi hiyo haijakatika hata leo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini pale Gombe mgeni alipoondoka ndipo mwenyeji alipojulikana kuwa bwana wa kazi.

Hata hivyo tusimpe sifa ya jambo lisilokamilika. Utawala wa hifadhi wa siku zile ulitazama ndani ya mpaka, wala haukutazama vya kutosha nje yake. Mkulima wa Mwamgongo na mvuvi aanikaye dagaa ufukweni walielezwa yaliyokatazwa, hawakuelezwa faida yao. Watu waliongezeka, mashamba yakapanda milimani, misitu ikakatwa kwa kuni na mbao, mvua zikachukua udongo. Kufikia miaka ya 1990 Gombe ilikuwa kisiwa cha miti katikati ya vilima vitupu. Sokwe wanaokadiriwa kuwa 150 hapo zamani wamebaki karibu 100.

Ndiyo sababu siasa ya nchi ilibidi irekebishwe. Tangu mwaka 1994 mradi wa TACARE ulianza kusaidia vijiji vya Kigoma kwa vitalu vya miti, afya na mikopo midogo. Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 ilikiri kwamba jirani wa hifadhi lazima apate faida. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ziliwapa wanakijiji uwezo wa kupanga matumizi ya ardhi na kutunza misitu yao wenyewe.

Basi kazi iliyosalia ni yetu. Mpango wa ardhi usiosimamiwa na halmashauri ya kijiji ni karatasi tupu. Mwanachama aingiapo katika mkutano wa kijiji aulize msitu wa kijiji uko wapi, unalindwa na nani, na mapato yake yameandikwa wapi. Mfanyakazi wa Mwanga anunuapo mkaa aulize umetoka mlima gani. Bryceson aliwaamini wananchi wakaishika kazi ndani ya hifadhi. Hatuna budi kuwaamini vivyo hivyo nje yake, na kuwapa mamlaka na haki zao kamili, kabla vilima vya mwisho havijawa vitupu.