Ndugu Lawrence: Mtumishi wa Jikoni

Andiko la wiki: Wafilipi 2:3-8

Tukihubiri unyenyekevu, swali ninaloulizwa sana ni hili: pastor, mtu ananyenyekea vipi akiwa na bosi, wateja na watoto wa kulisha? Si hayo ni mambo ya watawa? Ni swali la haki. Basi wiki hii nitawapa maisha ya mtawa mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kama ya wengi wetu: kupika na kuosha sufuria.

Jina lake la kuzaliwa ni Nicolas Herman. Alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1600 katika kijiji cha Hériménil, eneo la Lorraine, ambalo leo ni sehemu ya Ufaransa. Kwao walikuwa watu wa hali ya chini. Akiwa na miaka 18, wakati wa baridi, aliutazama mti uliopukutika majani yote. Kule Ulaya miti mingi hukaa hivyo miezi kadhaa, ukiiona unadhani imekufa. Akawaza kwamba si muda mrefu majani yatarudi, kisha maua, kisha matunda. Hapo hapo uwezo wa Mungu ukamshika moyo, na haukumwacha tena.

Lakini maisha hayakunyooka siku hiyo. Alikuwa askari katika Vita vya Miaka 30, akajeruhiwa. Baadaye akawa mtumishi wa nyumbani kwa mkubwa mmoja wa hazina, na huko, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa mtu mzito wa mikono, anavunja kila kitu. Mwaka 1640 akaingia kwa watawa Wakarmeli jijini Paris, akapewa jina Lawrence wa Ufufuo. Hakuwa padri. Alikuwa bruda wa kazi za mikono, na kazi aliyopewa ni jiko.

Sasa sikilizeni hapa. Ndugu Lawrence hakupenda jiko. Kwa asili yake alilichukia! Na bado alifanya kazi hapo miaka kama 15. Hakungoja apewe kazi ya heshima ndipo aanze kumtumikia Mungu. Akigeuza mayai kwenye kikaango, aligeuza kwa ajili ya kumpenda Mungu. Alisema na Mungu katikati ya kelele za vyombo na watu wanaoita, na kwake saa ya kazi na saa ya maombi zilikuwa kitu kimoja.

Mimi nilisoma biashara chuoni. Tulifundishwa kujionyesha: fanya kazi ionekane, jina lako litajwe, panda ngazi. Kwenye soko la ajira hilo lina mahali pake. Shida ni pale tunapolibeba hadi kanisani. Nimeona mtu akiacha huduma kwa sababu tu wengine walishukuriwa mbele ya kanisa na yeye akasahaulika. Wanaotaka maiki ni wengi. Wa kufagia baada ya ibada tunawahesabu kwa vidole.

Ndugu Lawrence aliwahi kutumwa hata biashara, kwenda Burgundy kununua divai ya nyumba yao. Hakuwa na kipaji cha biashara hata kidogo, na mguu wake ulikuwa mbovu, hivi kwamba ndani ya mashua alisogea kwa kujiviringisha juu ya mapipa. Hebu mwone mtu mzima katika hali hiyo, watu wanamtazama! Yeye alimwambia Mungu kwamba kazi ile ni ya Mungu, akaendelea. Na mambo yakaenda sawa.

Kinachonigusa zaidi ni alivyoyachukua makosa yake. Miaka yake kama 10 ya kwanza utawani ilikuwa migumu sana. Dhambi zake zilimwandama, na kuna wakati alidhani amepotea kabisa. Baadaye akajifunza jambo jipya. Akikosea, alikiri kwa Mungu bila visingizio, akakubali kwamba akiachwa peke yake hawezi kufanya vingine, akaomba msaada, akarudi kazini. Hakukaa siku nzima akijilaumu. Wapendwa, wengi tunadhani kujilaumu ndio unyenyekevu. Hapana. Anayejisifu anajiangalia, na anayejidharau mchana kutwa naye anajiangalia. Mnyenyekevu ameacha kujiangalia. Macho yake yako kwa Bwana na kwenye kazi iliyo mbele yake.

Alipozeeka akahamishiwa kutengeneza viatu vya watawa. Watu wakaanza kumtafuta kwa ushauri, hata Fénelon, aliyekuja kuwa askofu mkuu, alikwenda kumwona. Yeye hakutafuta jina. Aliwahi kuandika barua kwa sharti kwamba isionyeshwe mtu mwingine. Alifariki Februari 1691, na baada ya hapo padri aitwaye Joseph de Beaufort akakusanya barua na mazungumzo yake. Zaidi ya miaka 300 baadaye, Wakatoliki na Waprotestanti bado wanamsoma mpishi huyo.

Kwa hiyo wiki hii, chagua kazi moja usiyoipenda: kuosha vyombo, kujaza ripoti, kumsikiliza mteja msumbufu. Ifanye kwa ajili ya Bwana na usimwambie mtu. Ukikosea, tubu mara moja, rekebisha, endelea. Yesu mwenyewe alijifunga taulo akaosha miguu ya wanafunzi wake. Hakuna kazi iliyo chini yetu baada ya hiyo.

Tuombe: Bwana, tuondolee kiu ya kuonekana. Tufundishe kukutumikia pale pale ulipotuweka, hata kama ni jikoni. Katika jina la Yesu, amina.