Jim Reeves: Marehemu aliyeendelea kutoa ngoma

Desemba ikifika, shuka stejini Kawangware 46, ingia ndani mtaani polepole huku umetega sikio. Kinyozi amefungulia gengetone mpaka kioo kinatetemeka. Duka la simu linajibu na Bongo Fleva. Halafu pahali fulani, kutoka kwa redio ndogo ya mzee wa viatu vya mitumba, inakuja sauti nzito ya mzungu anayeimba Krismasi kama mtu ambaye hana haraka ya kwenda popote.

Huyo ni Jim Reeves. Wazazi wetu wanamjua kuliko wanavyowajua wajomba wengine. Redioni Jumapili asubuhi ni yeye, kwenye matanga usiku, kahawa ikizungushwa, ni yeye tena. Sisi wa rika hili tumemzoea kama kabati la sebuleni: tulizaliwa tukalikuta, na hakuna aliyewahi kuuliza lilinunuliwa wapi.

Sasa nikuulize. Unajua kwamba hiyo sauti unayodhani alizaliwa nayo ilitafutwa studioni na watu wawili wakaipata wakati jamaa ana miaka zaidi ya 30? Na unajua kwamba baadhi ya ngoma zake kubwa zilimaliziwa akiwa tayari amezikwa? Mimi nilipojua nilirudi kusikiliza upya kila kitu, na hadi leo sijamaliza.

Jina lake kamili lilikuwa James Travis Reeves. Alizaliwa tarehe 20 Agosti 1923 kijijini Galloway, Texas, huko Marekani, kwenye familia ya wakulima yenye watoto wengi na pesa kidogo. Babake alifariki kabla mtoto hajafikisha mwaka mmoja. Mama akabaki na shamba na hao watoto wote. Hiyo story mtaani hatuhitaji kufafanuliwa.

Akiwa mdogo alipenda sana rekodi za Jimmie Rodgers, yule mwanzilishi wa muziki wa kantri aliyeimba huku akipaza sauti kama mchungaji anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Kama unashangaa hayo yanatuhusu vipi, jua kwamba santuri za Rodgers zilifika mpaka Bonde la Ufa kitambo sana. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo unaoitwa Chemirocha, na hilo jina ni Jimmie Rodgers lililopitia midomo ya Kikalenjin. Kwa hivyo mtu akikuambia kantri ni muziki wa wazungu tulioletewa juzi na redio, mpeleke Kericho.

Lakini Jim hakuanza maisha akitaka kuimba. Alitaka besiboli. Alipata nafasi Chuo Kikuu cha Texas kwa sababu ya michezo, akaacha baada ya wiki chache tu na kwenda kufanya kazi kwenye viwanda vya meli Houston. (Mimi mwenyewe chuo nilikiacha mwaka wa pili, kwa hivyo hapa sina la kumcheka.) Baadaye akasajiliwa na timu ndogo chini ya St. Louis Cardinals akiwa mrushaji mpira. Akacheza miaka kama mitatu, halafu siku moja akirusha mpira akaumia mshipa wa fahamu wa mguuni, na michezo ikaishia hapo.

Akaingia redio. Ukiuliza wazee kwa nini Jim Reeves ni Jim Reeves watakuambia ni kipaji, ni Mungu. Sawa. Lakini miaka ile ya kusoma matangazo ilimfundisha kitu ambacho waimbaji wengi wa kantri wa wakati huo hawakukijua: maikrofoni si ukuta wa kupigia kelele, ni sikio la mtu mmoja. Mtangazaji anajua anazungumza na mama mmoja jikoni. Mwimbaji wa kantri wa miaka hiyo aliimba kama yuko sokoni.

Ajabu ni kwamba alipoanza kurekodi, na yeye aliimba kama yuko sokoni. Ngoma iliyomtoa ni Mexican Joe ya mwaka 1953, kwenye lebo ndogo iliyoitwa Abbott. Ikashika namba moja kwenye chati za kantri. Ikafuata Bimbo, nayo namba moja. Zitafute leo usikie: sauti iko juu, mwendo ni wa mbio, utani mwingi, fidla inakimbizana na gitaa. Mpigie mzee yeyote Mexican Joe bila kumwambia ni nani, uone kama atamtambua.

Mwaka 1955 lebo kubwa ya RCA Victor ikamchukua, na huko Nashville akakutana na Chet Atkins. Chet alikuwa mpiga gitaa hatari, na kufikia 1957 ndiye aliyekuwa anasimamia kazi za RCA mjini humo. Muziki wa kantri ulikuwa pabaya. Elvis Presley na wenzake wa rock and roll walikuwa wamebeba vijana wote, na rekodi za fidla zilianza kukaa dukani zikikusanya vumbi. Chet aliangalia hali akaamua kupunguza vitu. Akatoa fidla. Akatoa lile gitaa la kulazwa linalolia kama mtoto aliyenyimwa chai. Mahali pake akaweka piano laini, ngoma za chini kwa chini, na kikundi cha kuitikia taratibu nyuma. Huo ndio mtindo ulioitwa sauti ya Nashville, na ndio unaotambulika leo kama kantri-pop. Inasimuliwa kwamba Chet alipoulizwa mtindo huo hasa ni nini, alitia mkono mfukoni akatikisa sarafu.

Wafuasi wa kantri asilia walimlaumu, wakaona ameuza shamba la babu. Mimi nadhani walikuwa na haki ya kulalamika lakini hawakusikiliza vizuri, kwa sababu kilichobaki baada ya kutoa yale yote ni nafasi tupu, na Jim ndiye aliyejua la kufanya nayo.

Mwaka 1957 wakarekodi Four Walls. Jim akasogea mpaka midomo karibu iguse maikrofoni, akashusha sauti, akaimba kwa kiwango cha mtu anayeongea usiku asiamshe watoto. Ukirekodi nyumbani jaribu hii utaelewa: kwenye maikrofoni nyingi, ukisogea karibu sauti nzito huongezeka yenyewe, kifua kinasikika. Ubaya wake ni kwamba kila kosa nalo linasikika, pumzi, mate, herufi p zinalipuka kama puto. Lebo ilisitasita. Chet akasimama na msanii wake. Wimbo ukafika namba moja kwenye kantri na ukapenya hadi chati za pop.

Halafu Oktoba 1959 wakaingia studio kurekodi He'll Have to Go. Ilitolewa kama upande wa pili wa santuri, yaani ile ngoma ya kujazia, lakini watangazaji wa redio wakageuza santuri wenyewe. Mwaka 1960 ikakaa kileleni mwa chati ya kantri wiki 14, na kwenye pop ikafika namba mbili. Wimbo wenyewe unahusu mwanamume aliye kwenye baa anayempigia simu mpenzi wake akijua mwanamke huyo yuko na mwingine. Sasa fikiria: ni simu. Na sauti imerekodiwa karibu hivyo, chini hivyo, kana kwamba wewe ndiye umeshika mkono wa simu. Ule ujanja wa maikrofoni na maneno ya wimbo vikawa kitu kimoja. Kuna maprodyusa siku hizi wanajaza njia 60 kwenye kompyuta na hawafiki hapo.

Nina nadharia yangu kuhusu kwa nini alishika sana huku kwetu, na pia Nigeria, India na Sri Lanka. Jim alitamka kila neno. Hakumeza silabi, hakukimbia. Mtu aliyejifunza Kiingereza darasani kwa mwalimu mkali angeweza kumfuata neno kwa neno na kujiona anakijua. Ongeza zile nyimbo za dini, This World Is Not My Home na nyingine, ukapata mzungu anayeweza kuchezwa sebuleni mbele ya pasta.

Afrika alikuja kweli, ila upande wa kusini. Mwaka 1962 alizuru Afrika Kusini pamoja na Chet Atkins na mpiga piano Floyd Cramer, wakapokewa kama wafalme. Akarudi 1963 kuigiza filamu ya Kimberley Jim, kuhusu enzi za kuchimba almasi. Na akarekodi nyimbo kwa Kiafrikaans, lugha ambayo hakuizungumza. Mwaka huohuo wa 1962 Nelson Mandela alikamatwa. Miriam Makeba alikuwa tayari amefungiwa mlango wa kurudi kwao. Sisi huku tulikuwa tunahesabu miezi kufika Desemba 1963.

Hapa sitaki kumpaka rangi ambayo sina ushahidi nayo. Wasanii wengi wa Marekani wa wakati ule waliona soko, wakaenda. Lakini Kiafrikaans ndiyo ilikuwa lugha ya serikali iliyokuwa ikiwatenga Waafrika, na kumwimbia mtu kwa lugha yake ni kumkumbatia. Wazee wetu walimpenda bila kuambiwa hayo. Mimi nampenda nikiyajua, na si kitu kinachokaa vizuri tumboni.

Tarehe 31 Julai 1964 Jim alikuwa anarudi Nashville kutoka Batesville, Arkansas, akiendesha mwenyewe ndege ndogo, pembeni yake Dean Manuel, mpiga piano wake. Wakaingia kwenye mvua kubwa ya radi karibu na mji. Ndege ikaanguka msituni, na ilichukua siku mbili kuwapata. Miongoni mwa waliozunguka msituni wakitafuta walikuwa wanamuziki wenzake. Alikuwa na miaka 40. Mwezi huohuo alikuwa ameingia studio.

Kwa msanii wa kawaida story ingeisha hapo. Kwake ndipo biashara ilipoanza upya. Mkewe Mary, waliyeoana 1947, akasimamia kazi zake, na RCA ilikuwa na makabati yenye kanda zake. Studio za Nashville za wakati huo zilirekodi kwa kanda za njia tatu, na mara nyingi sauti ya mwimbaji ilikaa kwenye njia yake pekee. Maana yake unaweza kuitoa sauti, ukatupa muziki wa zamani, ukaita wanamuziki wapya wakapige nyuma yake.

Mwaka 1966 ikatoka Distant Drums. Jim alikuwa ameirekodi kama sampuli tu, kwa ajili ya mtunzi wake, Cindy Walker. Haikukusudiwa kuuzwa. Wakaiwekea muziki wa ala nyingi, wakaitoa, na ikakaa namba moja Uingereza wiki tano, katika nchi ya Beatles, katika enzi ya Beatles, mwimbaji akiwa na miaka miwili kaburini. Muongo wa 1970 wote bado alikuwa anaonekana kwenye chati. Mwaka 1979 RCA ikatoa nyimbo alizoimba na Deborah Allen, dada aliyekuwa na miaka 10 Jim alipokufa.

Je, angekubali? Kwa Mary ilikuwa njia ya kumweka mumewe hai na pia, tusidanganyane, ya kulipa bili. Ila mwenye sauti hakuulizwa ni nani ataimba naye, wala fidla zipi zirudishwe. Na usidhani ni mambo ya Marekani ya zamani. Leo msanii wa 46 anaingia studio yenye trei za mayai ukutani, anaimba mistari minne, analipa elfu mbili au halipi, na faili la sauti yake tupu linabaki kwenye kompyuta ya prodyusa. Hakuna karatasi. Kesho akili unde inaweza kulichukua faili hilo ikaimba nalo albamu nzima. Wengi wetu hatujawahi hata kuuliza nani anashika hiyo faili.

Hatua iliyonishangaza zaidi ni ya 1981. Patsy Cline, malkia wa kantri-pop wa enzi hiyohiyo, alikuwa amekufa Machi 1963, naye kwa ndege ndogo, naye Tennessee. Yeye alikuwa wa lebo pinzani, Decca, chini ya prodyusa wake Owen Bradley. Jim na Patsy hawakuwahi kurekodi wimbo pamoja. Lakini kila mmoja, kwa wakati wake, alikuwa ameimba Have You Ever Been Lonely. Basi Chet na Owen, wazee wawili waliowatengeneza, wakafungua kanda za kila mmoja, wakatoa sauti tupu, wakazilinganisha mpaka zikaenda sambamba, wakarekodi muziki mpya chini yake. Ikawa wawili wanapokezana kama wamesimama studio moja.

Wimbo uliingia kumi bora ya kantri Marekani. Jim alikuwa na miaka 17 kaburini, Patsy 18.