Seyyid Barghash na mizani mbili

HIVI karibuni nilikaa barazani Mji Mkongwe na kikombe changu cha kahawa, nikawasikiliza watu wawili wakibishana juu ya mtu aliyefariki mwaka 1888. Kijana alidai kwamba Seyyid Barghash bin Said hakunyang'anywa kitu huko bara, kwani hakuwa na chake: machifu wenyewe walitia saini kwa Mjerumani. Mzee mmoja akamjibu kwamba kila alichokitaka Mzungu kwa Barghash kilikuwa hila tupu, hata lile la kufunga soko la watumwa. Wote wawili walisikika kama wana hoja. Nami nasema wote wawili wamekosea, na maisha ya Barghash mwenyewe yanatuonesha walipokosea.

Barghash alikuwa mmoja wa watoto wengi wa Seyyid Said. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua ndugu yake, Seyyid Majid. Waingereza walimsaidia Majid, Barghash akashindwa na kupelekwa uhamishoni Bombay. Baadaye alirejea, na Majid alipofariki Oktoba 1870, akatawala yeye. Ndiye aliyewaletea watu wa mjini maji ya bomba, na ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.

Ndugu msomaji, tuanze na hoja ya kijana. Novemba 1884 Carl Peters na wenzake walifika Unguja, wakavuka kwenda bara. Wiki sita hazikutimia, tayari alikuwa na rundo la mikataba ya Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami. Maarufu zaidi ni ule wa Mangungo wa Msovero, ambao watoto wetu wanausoma skuli. Uliandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo Mangungo hakuijua. Kule Nguru, Mwarabu mmoja, Salim bin Hamed, alitia saini kwamba Sultani hana mamlaka bara. Kauli ya mtu mmoja ikageuzwa kuwa ushahidi wa nchi nzima! Februari 1885, siku moja tu baada ya Mkutano wa Berlin kumalizika, serikali ya Ujerumani ikaitia mikataba hiyo mkononi mwake.

Barghash alipinga. Alikuwa na mwakilishi wake Tabora na askari wake Mamboya, huko huko Usagara. Jawabu likawa kwamba hiyo haitoshi kuitwa utawala. Hoja hii huingia akilini upesi, kwa sababu ndani yake mna ukweli: bara haikutawaliwa kama ilivyotawaliwa Unguja. Lakini hebu tuigeuze. Ikiwa mwakilishi na askari havitoshi kumpa mtu nchi, itakuwaje karatasi ya siku moja imtoshe mpita njia? Wapo watakaosema kwamba wenye nchi hasa walikuwa wenyeji wa huko. Ni kweli kabisa. Ila ukweli huo, kama unamvua Barghash, unamvua na Peters pia. Haumvishi Peters.

Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya mji. Katika meli iliyofuatana nazo alikuwamo dada yake Sultani, Sayyida Salme, wakati huo akiitwa Emily Ruete, mjane wa Mjerumani. Alikuwa na madai yake ya mirathi, na Wajerumani wakajionesha kuwa wana uchungu naye. Barghash alipokubali walichokitaka bara, madai ya mjane yakawekwa kando. Mwishoni mwa mwaka 1885 Uingereza, Ujerumani na Ufaransa zikaunda tume ya kupima mipaka ya Sultani. Zanzibar haikuwa na kiti. Akaachiwa visiwa, ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, na miji kadhaa ya kaskazini.

Sasa tumgeukie mzee. Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha mikarafuu ya Unguja. Mwaka uliofuata Uingereza ilipomtuma Bartle Frere kudai biashara ya watumwa ikomeshwe, Barghash alikataa, akitaja hasara ile. Ni pale Balozi John Kirk alipomtishia kuuzingira mji kwa manowari ndipo alipotia saini, tarehe 5 Juni 1873, na soko la Mkunazini likafungwa.

Mzee wangu ana haki kusema kwamba Waingereza walikuja na vitisho, na kwamba walikuwa na maslahi yao. Utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Unguja hadi mwaka 1897, miaka saba baada ya wao kuifanya nchi hii himaya yao. Lakini ubaya wa msemaji haumgeuzi binadamu kuwa bidhaa. Waliopigwa mnada Mkunazini walikuwa na mama zao huko walikotoka. Kimbunga kilikuwa cha kweli na hasara ilikuwa ya kweli, ila hasara ya mwenye shamba si dalili kwamba analolitetea ni haki. Katika mizani ya Barghash mwaka 1873, aliyeuzwa hakuwekwa upande wowote.

Dini yetu imewaonya vikali wenye kujipimia kwa ukamilifu na kuwapunja wengine. Tunadhani onyo hilo ni la wauza mchele wa Darajani tu. Hata maneno yana mizani. Ukiletewa hoja tamu, mgeuzie nayo mwenyewe aliyeileta, kisha jigeuzie na wewe. Ikiwa inamkata mmoja na kumwacha mwingine, ijue hiyo ni pishi ya kupunja.

Nilipowaeleza haya, kijana alinyamaza. Mzee akaniuliza, basi Barghash alidhulumiwa au alidhulumu? Nikamjibu: yote mawili, mzee wangu.