Van Gogh alivyojifunza ukubwani kuchora umbo la binadamu

VINCENT van Gogh husifiwa kote duniani kwa rangi za alizeti na anga la usiku lenye nyota. Wachache hukumbuka kwamba hadi alipotimiza umri wa miaka 27 Mholanzi huyu hakuwa mchoraji, na kwamba kilichomtoa jasho jingi mwanzoni kilikuwa mwili wa binadamu.

Alizaliwa Machi 30, 1853, kijijini Zundert, mwana wa mchungaji wa kanisa. Aliuza picha, akafundisha shule, kisha akahubiria wachimba makaa ya mawe wa Borinage, Ubelgiji. Kazi zote hizo zilimponyoka. Mwaka 1880, mikono mitupu, aliamua kuwa msanii, na mdogo wake Theo akawa akimtumia fedha za kujikimu.

Alianza kwa mazoezi ya Mfaransa Charles Bargue: karatasi 60 za miili iliyo uchi, za kunakiliwa kwa makaa. Alizinakili zote, akarudia. Hata hivyo, tusifichane, michoro yake ya siku hizo ni ya mwanagenzi: viungo vimekakamaa, na anayeinama haonekani kuwa na uzito wowote.

Mwaka 1882, akiishi The Hague, alishikilia kuchora watu walio hai. Jamaa yake, mchoraji Anton Mauve, alipomhimiza achore kwanza sanamu za plasta, Vincent alizivunja na kuzitupa penye makaa. Lakini anayeketi ili achorwe hudai ujira, na fedha za Theo hazikutosha ujira huo pamoja na chakula. Mara nyingi kilichopunguzwa kilikuwa chakula. Sien Hoornik, mwanamke fukara na mjamzito aliyekuja kuishi naye, ndiye anayeonekana katika mchoro uitwao Huzuni. Adrianus Zuyderland, mkongwe wa nyumba ya kutunzia maskini, aliketi mbele yake mara nyingi, hata akachorwa amejiinamia, uso umefichwa viganjani. Katika mchoro huo mgongo una uzito.

Alipohamia Nuenen, alichora makumi ya vichwa vya wakulima kabla ya kuthubutu kuwakusanya watano mezani katika Wala Viazi, mwaka 1885. Rafiki yake Anthon van Rappard aliukosoa vikali umbo kwa umbo, na urafiki wao haukudumu.

Januari 1886 aliingia chuo cha sanaa cha Antwerp. Humo alikuta sanamu zile zile za plasta! Walimu walitaka mstari wa nje utangulie; yeye alianza na unene wa mwili. Baada ya wiki chache aliondoka kwenda Paris, na walimu wakaamua ashushwe hadi darasa la wanaoanza. Uamuzi huo ulipotolewa, hakuwa tena mjini.

Mei 1890, akiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Saint-Rémy, Ufaransa, alimrudia yule mkongwe aliyejiinamia na kumchora upya kwa rangi. Mwezi uliofuata, akiwa Auvers, alimwandikia Theo akimwomba amtumie tena mazoezi ya Bargue, akihofia kwamba asipoendelea kuuchora mwili angeusahau. Alifariki Julai 29 mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 37.