Mwalimu Aliyeifunza Tarakilishi Lugha

Wanafunzi wangu wa isimu hudhani kwamba taaluma ya tarakilishi ni milki ya wahandisi pekee. Hao huwakumbusha habari za Grace Hopper.

Bibi huyu alizaliwa New York mwaka 1906. Alipata shahada ya uzamifu katika hisabati Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1934, huku akifundisha katika Chuo cha Vassar. Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto, aliomba kujiunga na jeshi la wanamaji la Marekani. Alionekana ana umri mkubwa na uzani mdogo, lakini hatimaye alipokelewa mwaka 1943. Mwaka uliofuata alipelekwa Harvard kuuandikia maagizo mtambo wa Mark I, wenye urefu wa mita 15 hivi. Alikuwa na miaka 37, wala hakuwa ameisomea kazi hiyo.

Linalonigusa mimi mwanaisimu ni kwamba maagizo ya siku zile yaliandikwa kwa tarakimu na alama. Hopper alishikilia kuwa tarakilishi yaweza kuagizwa kwa maneno ya kawaida. Aliambiwa haiwezekani. Hakukoma, katika miaka ya 1950 yeye na wenzake waliunda FLOW-MATIC, iliyotumia maneno ya Kiingereza, na juu ya msingi huo ikajengwa COBOL mwaka 1959, lugha iliyoenea katika mabenki na maofisi ya serikali. Alifariki mwaka 1992.

Basi mwalimu amwambiaye mwanafunzi wa lugha kwamba chumba cha tarakilishi si mahali pake, anamfungia mlango uliofunguliwa na mwalimu mwenziwe.