Norbert Wiener, mtoto aliyerushwa madarasa: hesabu haikumshinda, mengine yalimlemea

Mwanahesabu Mmarekani Norbert Wiener alimaliza masomo ya sekondari akiwa na miaka 11, na baadaye akaanzisha sibanetiki, elimu inayochunguza jinsi mashine na viumbe vinavyojiongoza. Maisha yake yanawahusu wazazi na walimu wanaojiuliza ikiwa mtoto hodari wa hesabu apandishwe darasa haraka.

Wiener alizaliwa tarehe 26 Novemba 1894 mjini Columbia, jimboni Missouri. Baba yake, Leo Wiener, profesa wa lugha katika chuo kikuu cha Harvard, aliamua kumfundisha nyumbani. Somo la aljebra lilikuwa kali. Kosa moja lilitosha baba kupandisha sauti, na mara nyingi somo liliishia kwa machozi. Alipofikia miaka 8, daktari alimkataza kusoma kwa miezi 6 kwa ajili ya macho yake. Akajizoeza kufanya hesabu kichwani.

Katika sekondari ya Ayer, jimboni Massachusetts, wanafunzi wenzake walimzidi umri sana. Hata hivyo, huko alipata walimu wapole na marafiki wa rika lake wa kucheza nao. Alipomaliza mwaka 1906, baba yake hakumpeleka Harvard, akihofia kelele za magazeti. Alichagua chuo cha Tufts, karibu na nyumbani. Mwaka 1909 Wiener alipata shahada ya kwanza ya hesabu akiwa na miaka 14, na mwaka 1913 akawa daktari wa falsafa wa Harvard akiwa na miaka 18.

Kilichomuumiza ni baba kutangaza hadharani kwamba mwanae ni mtoto wa kawaida aliyefaulu kwa sababu ya malezi tu. Kijana aliona kwamba ushindi ulikuwa wa baba, na makosa yalikuwa yake. Huzuni ilimwandama hadi utu uzima, na mwaka 1953 alichapisha kitabu kuhusu utoto huo.

William James Sidis, aliyeingia Harvard mwaka 1909 akiwa na miaka 11 huku magazeti yakimfuatilia, aliacha hesabu na kufanya kazi ndogo za ofisini hadi kifo chake mwaka 1944.

Wiener alifundisha katika chuo cha MIT tangu 1919, na alifariki mjini Stockholm tarehe 18 Machi 1964. Kabla ya kumrusha mtoto darasa, basi, kujua pointi zake za hesabu hakutoshi. Inafaa pia kuuliza atacheza na nani, na ni nani anayeharakisha: mtoto au mzazi.