Thomas Lincoln: Mkulima Aliyetetewa na Vitabu vya Mahakama

Wengi wetu tulisoma habari za Abraham Lincoln, Rais wa Marekani aliyeuawa mwaka 1865. Baba yake, Thomas, hatumjui sana. Tena waandishi wengi wa zamani walimtaja kwa ubaya: kwamba alikuwa mvivu, mtu wa kuhamahama, na hata ndoa yake ilitiliwa shaka. Yafaa tujue jinsi jina lake lilivyosafishwa.

Thomas alizaliwa Virginia mwaka 1778. Akiwa bado mtoto, wazazi wake walihamia Kentucky, ambako walowezi walikuwa wakifyeka misitu na kuwaondoa wenyeji katika nchi yao. Mwaka 1786 baba yake aliuawa na wenyeji akiwa kazini shambani, na Thomas alikuwa papo hapo. Kwa sheria ya wakati ule urithi wa ardhi ulimwendea mwana wa kwanza, Mordecai. Basi Thomas alikua bila shamba wala shule. Alifanya vibarua, akajifunza useremala, na katika kuandika hakufika mbali zaidi ya jina lake.

Hata hivyo, mwaka 1803 alinunua shamba la ekari 238 kwa pauni 118. Tarehe 12 Juni 1806 alimwoa Nancy Hanks, na Abraham akazaliwa tarehe 12 Februari 1809. Lakini ardhi ya Kentucky haikupimwa kwa utaratibu. Kila mtu alijitafutia mpimaji, na mpaka ulikuwa mti, jiwe au kijito. Mti ukianguka, ugomvi huanza. Kipande kimoja kiliweza kuwa na wenyewe wawili au watatu, kila mmoja na karatasi yake. Thomas alinunua mashamba matatu huko, na yote yakamtia katika taabu ya hati.

Mwishoni mwa mwaka 1816 alivuka mto Ohio pamoja na jamaa yake, akaingia Indiana. Huko utumwa ulikatazwa, na serikali ilipima ardhi kwa vipande vya mraba kabla ya kuiuza. Mwaka 1817 alikwenda afisi ya ardhi iliyokuwa Vincennes, akaandikisha ekari 160 kwa dola 2 kila ekari, alipe kidogo kidogo. Kulipa zote kulimshinda. Mwaka 1827 alirudisha nusu, akabaki na ekari 80 ambazo hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Nancy alifariki mwaka 1818. Mwaka uliofuata Thomas alimwoa mjane, Sarah Bush Johnston, aliyemlea Abraham kama mwanawe. Mwaka 1830 walihamia Illinois, na huko Thomas akafa tarehe 17 Januari 1851. Baba na mwana walikuwa wameachana mioyo. Abraham hakwenda mazishini.

Sasa tutazame vitabu. Cheti cha ndoa ya Thomas kilitafutwa wilaya ya Hardin, alikokaa na mkewe, kisionekane. Wasengenyaji wakapata la kusema, na Abraham akafa bila kukiona. Miaka zaidi ya kumi baadaye kikapatikana katika mahakama ya wilaya ya Washington, alikokuwa akikaa bibi arusi. Kumbe miaka yote kilikuwa salama mahali pake.

Kisha katika miaka ya 1920 mchunguzi Louis Warren alipekua vitabu vya mahakama za Kentucky, ukurasa kwa ukurasa. Akamkuta Thomas amekaa barazani kama mzee wa baraza la mahakama, ametumika katika jeshi la mgambo, na amelipa kodi. Katika orodha moja ya kodi ya mwaka 1814, kati ya wenye mali 98, Thomas alikuwa wa 15. Huyo si mvivu asiye na kitu.

Masengenyo yalikuwa na watu wengi wa kuyabeba. Ukweli ulikuwa na makarani tu, walioandika tarehe na jina kisha wakafunga kitabu. Anayemtafuta babu yake asikate tamaa akikosa jina lake katika afisi ya kwanza. Aulize bibi alitoka wapi, aende akatazame huko. Nasi tulio hai tutunze vyeti vya ubatizo, vya ndoa na hati za mashamba, kwa maana wajukuu watakapotuuliza sisi tutakuwa hatupo kujibu.